Mbona bibi kwenye picha yangu anaonekana wa kwenye kadi ya watalii? Jibu kuhusu kuchora maisha ya shamba kwa rangi za maji

Marahaba mdogo wangu, na pole na baridi ya Njombe, najua huko saa ingine hata maji ya kuoshea brashi yanauma vidole. Swali lako nimelisoma mara tatu na ile picha uliyotuma nimeivuta kwenye simu mpaka nikawa naona vinyweleo vya karatasi, kwa hiyo jibu litakuwa refu, nivumilie.

Nilirudie swali kwa ufupi ili na mwingine akisoma aelewe tunaongelea nini. Umesema una miaka miwili unachora kwa rangi za maji, umejifunza mwenyewe. Umemchora bibi yako akipeta maharage uani, kihenge kiko pembeni, nyumba ya bati nyuma yake, shamba la mahindi yaliyokauka, na vilima kwa mbali. Umetumia wiki nzima, kila jani la mhindi umelichora, watu wamekusifia, ila wewe moyoni unaona sio ya kweli, bibi amekuwa kama wa kwenye kadi za watalii, na vivuli vyote vimegeuka tope. Unauliza je ni kwa sababu rangi zako ni zile za wanafunzi, ujichange ununue za bei mbaya?

Hapana, usinunue rangi kwanza. Rangi zako zina kasoro na ntazisema huko mbele, lakini hata nikikupa sanduku zima la rangi za gharama leo, picha hiyo hiyo itatoka na tatizo lile lile. Umechora kutoka kwenye picha ya simu iliyopigwa saa sita mchana, wakati hiyo kazi ya kupeta wewe mwenyewe umeifanya tangu mdogo na mikono yako inaijua vizuri kuliko simu. Uliyoyajua yote umeyaweka pembeni, ukaiamini simu.

Nianze na upepo. Angalia picha yako tena. Kanga ya bibi inapepea kwenda kulia. Makapi yanaruka kwenda kushoto. Na moshi wa jikoni umepanda wima kama nguzo ya umeme. Hizo ni hali tatu za hewa kwenye ua mmoja! Mtu wa mjini hataliona, atasema picha nzuri, lakini mtu aliyewahi kupeta hata debe moja la maharage ataona kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hawezi kukisema ni nini, na wewe ni mmoja wao, ndio maana moyo wako umekataa. Bibi yeyote anayepeta anaanza na upepo kabla ya ungo. Anasimama, anarusha makapi kidogo aone yanaelekea wapi, afu anageuka mwenyewe ili vumbi lisimrudie machoni. Kwa hiyo upepo ndio umeamua amesimama vipi, uso umeangalia wapi, turubai limetandikwa upande gani, na kuku wamekaa wapi, manake kuku wanafuata punje zinazoruka. Ukishaujua upepo nusu ya picha imejichora.

Afu mikono. Umemchora ameshika ungo kama mtu anayepeleka sinia la chai kwa wageni, viganja vimeulalia chini, ungo umenyooka kabisa. Nenda kesho ukamwombe apete, usichore, kaa tu uangalie mikono dakika kumi. Utaona vidole gumba vinabana ukingo kwa juu na vilivyobaki vinashika kwa chini, utaona ungo umeinama kidogo mbele, viwiko viko karibu na mbavu, na ile nguvu ya kurusha haitoki mabegani, inatoka kwenye vifundo vya mikono, ki-ki-ki, fupi fupi, mwili umetulia. Na mgongo wa mama wa kijijini haukunjiki kama wa mtu aliyekaa ofisini. Akiinama anainamia kiunoni, miguu imenyooka, mgongo umelala kama meza. Ukikosea hapo, hata ukichora kila uzi wa kanga mtu hatamwona bibi yako, ataona sanamu iliyovishwa kanga.

Kuna mchoraji wa Kifaransa anaitwa Jean-François Millet, alizaliwa 1814 kijijini Gruchy huko Normandy, mtoto wa wakulima, na shambani alifanya kazi kweli kabla hajaenda mjini kusomea uchoraji. Picha yake maarufu ya mwaka 1857 inaonyesha wanawake watatu wakiokota masazo ya ngano baada ya mavuno, yaani kazi ile ile aliyofanya Ruthu wa kwenye Biblia kwenye shamba la Boazi. Ni ya rangi za mafuta, sio maji, ila nakuomba uitafute uiangalie migongo tu. Mmoja ameinama mkono umefika chini, mwingine ameinama mkono bado unatafuta, wa tatu ameinuka nusu. Ukiwaangalia wote watatu unaiona kazi nzima mwanzo mpaka mwisho kama vile ni mwanamke mmoja anayesogea. Nyuso zao karibu hazionekani kabisa, na bado unachoka kiuno kwa kuwaangalia. Huo ndio uhalisia ninaousema mimi, uzito wa mwili uwe pale unapotakiwa kuwa.

Sasa hapa wengi wanachanganya. Wanadhani kuchora kihalisia ni kuchora vitu vingi vidogo vidogo. Wewe umechora kila jani la mhindi, na kila jani umelipa nguvu sawa na uso wa bibi, basi jicho halijui lianzie wapi, linazunguka tu kama mgeni aliyekosa kiti. Mi sikatai kuchora kwa undani. Albrecht Dürer, Mjerumani, mwaka 1503 alichukua pande moja tu la majani ya porini na udongo wake, majani ambayo wewe ungeyang'oa na jembe bila kuyaangalia, akalichora kwa rangi za maji mpaka mizizi, na mpaka leo picha hiyo iko Vienna. Lakini angalia alichofanya: nyuma ya yale majani hakuna kitu, karatasi imebaki karibu tupu. Undani wote umekaa sehemu moja. Kama angechora na uzio na nyumba na mlima kwa undani ule ule, nani angeyaona majani?

Kwa hiyo kwenye picha yako chagua. Ningekuwa mimi ningechagua mikono ya bibi, ungo, na yale makapi yanapoachana na maharage hewani. Hapo weka jicho lako lote. Mahindi yote yale ningeyafanya kwa woshi moja, yaani safu nyepesi ya rangi yenye maji mengi, ya oka ya njano (ile njano ya udongo) iliyochuja, brashi pana, afu ikikauka mistari kumi na mbili hivi ya brashi kavu na basi. Kihenge kivuli chake tu na mistari michache ya fito.

Nikuongelee Andrew Wyeth kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha hili bila kunijua. Mmarekani, alizaliwa 1917 Chadds Ford, Pennsylvania, akafa 2009. Akiwa na miaka 20, mwaka 1937, alifanya maonyesho yake ya kwanza New York ya rangi za maji, picha za pwani ya Maine, zikanunuliwa zote. Mtu mwingine angeendelea na zile zile si zinauzika? Yeye akapunguza rangi, akarudi kwenye mashamba anayoyajua. Karibu na kwao, ukivuka kilima tu, kulikuwa na shamba la Karl Kuerner, mkulima mhamiaji kutoka Ujerumani aliyepigana vita ya kwanza ya dunia. Wyeth alianza kwenda pale akiwa kijana mdogo na akaendelea kuchora shamba hilo hilo moja zaidi ya miaka 70! Ng'ombe wale wale, birika la maji lile lile, kilima kile kile, madirisha yale yale. Na baba yake mzazi alifia hapo karibu, mwaka 1945, pale barabara inapokatiza reli. Baada ya hapo kile kilima, ambacho kwa mpita njia ni nyasi kavu tu, akakichora kwa namna ambayo ukikiangalia unahisi kifua cha mtu.

Ile picha yake inayojulikana zaidi, Christina's World ya 1948, ya mwanamke amekaa kwenye nyasi akiiangalia nyumba ya shambani kwa mbali, ni tempera, yaani rangi inayochanganywa na kiini cha yai, sio rangi za maji za kawaida. Ila nyumba ile ya kina Olson huko Cushing, Maine, aliichora pia kwa rangi za maji mara nyingi sana, nje na ndani, kwa karibu miaka 30. Nakwambia haya kwa sababu unasema unaona aibu kuchora ua wa bibi tena, eti ushauchora. Mara moja! Ua wa bibi una asubuhi na jioni, una masika na kiangazi, una siku ya msiba na siku ya mavuno. Hujauchora bado.

Halafu ona rangi za Wyeth: kahawia, kijivu, oka, nyeupe ya karatasi, nyeusi kidogo. Kahawia tupu kama yako. Kwa nini yake sio tope?

Hapa ndio penye darasa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Rangi ya maji inafanya kazi tofauti na ya mafuta. Chembe za rangi zinaelea kwenye maji, maji yakikauka zinatulia kwenye vibonde vya karatasi, na mwanga unapita katikati yake, unafika kwenye karatasi nyeupe, unagonga, unarudi machoni kwako umebeba rangi. Yaani taa ya picha yako ni karatasi. Ukirundika safu tano sita, ukachanganya rangi nne kwenye kivuli kimoja, ukarudi kusugua wakati bado pabichi, mwanga unaingia na hautoki. Hilo ndio tope. Kahawia haina kosa, umeizima taa kwa nyuma.

Wewe umefanya yote matatu, naona. Kwenye kivuli cha nyumba kuna nyeusi, kahawia, kijani na zambarau, na kuna yale maua ya maji, zile alama zenye kingo kama koliflawa, zinazotokea ukipeleka brashi yenye maji mengi juu ya sehemu iliyokauka nusu. Huko kwenu hewa ni ya baridi na unyevu, woshi inaweza kukaa mbichi dakika ishirini nzima, mtu wa Dodoma inamkaukia kabla hajageuka. Basi usifuate muda wa kwenye video za watu, fuata karatasi yako. Iinamishe uiangalie kwa pembeni kwenye mwanga: iking'aa kama kioo ni mbichi na unaweza kuongeza, iking'aa kwa mbali kama ngozi iliyopakwa mafuta, hapo USIGUSE kabisa, nenda kanywe chai, ikifa mng'ao na ukiigusa kwa mgongo wa kidole haina ubaridi, basi endelea.

Kivuli kipige mara moja, mara mbili mwisho. Rangi mbili zinakutosha: bluu ya altramarini na ile kahawia-nyekundu inayoitwa siena iliyochomwa. Zichanganye, ukizidisha bluu unapata kijivu cha baridi cha kivuli cha ukutani, ukizidisha siena unapata giza la joto la ndani ya kihenge, ukiweka nyingi zote mbili na maji kidogo unapata giza zito kabisa ambalo bado linapumua. Ile nyeusi ya kwenye boksi iache.

Na hapa nirudi kwa simu. Jua la saa sita huku kwetu liko karibu utosini, kivuli kinakaa miguuni kama sahani, uso wote unaingia gizani chini ya kitambaa cha kichwa, na simu ikishapiga inalifanya lile giza kuwa jeusi tii. Jicho lako lisingeona hivyo. Ukisimama pale uani kwa macho yako utaona chini ya kidevu cha bibi kuna wekundu, kwa sababu udongo wenu ni mwekundu na jua likigonga chini linarudi juu. Utaona kwenye ukuta uliopakwa chokaa kivuli kina bluu ya anga juu na kinakuwa chekundu kinaposhuka karibu na ardhi. Vitu hivi ndivyo vinavyomfanya mtu aseme "hapa ni kwetu", na kwenye picha ya simu havipo au vipo kidogo sana. Nenda saa moja unusu asubuhi, au saa kumi jioni, jua likiwa pembeni. Makapi yakipigwa na jua kutoka nyuma yanawaka kama cheche, hutahitaji kuyapamba.

Ngozi sasa, na hili naliongea kwa uchungu kidogo kwa sababu limenichelewesha mimi mwenyewe miaka. Vitabu vingi vya rangi za maji vimeandikwa Ulaya na Marekani na mapishi ya ngozi yaliyomo ni ya mtu mweupe, pinki na njano na kijivu kidogo. Mtu wetu akifika kwenye ngozi nyeusi anachukua kahawia ya kwenye kopo anaongeza nyeusi, na anamuua bibi wa watu. Ngozi ya bibi yako ina rangi nyingi, na sehemu inayong'aa haiwi kahawia nyeupe, inakuwa na bluu ya anga kwa sababu ngozi yetu inashika mwanga wa anga kama kitu kilichopakwa mafuta. Fanya hivi: kwanza woshi nyepesi ya oka na siena uso mzima, ila kipaji cha uso, mfupa wa shavu na ncha ya pua acha karatasi, kisha pale ulipoacha gusa bluu nyepesi sana, maji matupu karibu. Ikauke. Safu ya pili, siena na altramarini, pembeni mwa uso na chini ya macho, kingo moja uilainishe kwa brashi safi yenye unyevu. Ikauke. Ya tatu ni ndogo, giza lenye wekundu ndani yake, kwenye mikunjo, chini ya kitambaa, katikati ya midomo. Safu tatu tu. Mikunjo ya uso usiichore kama mistari ya ramani, chora mkunjo mmoja ule unaoonekana akicheka, mingine ataimalizia anayeangalia.

Makapi, umeuliza pia kama ununue rangi nyeupe ya kuyachorea. Nyeupe ya kopo juu ya rangi za maji inakaa kama chokaa, inaonekana imebandikwa. Kuna Mmarekani mwingine, Winslow Homer, alianza rangi za maji kwa nguvu 1873 kule Gloucester, Massachusetts, na mwaka 1878 akakaa kwenye shamba linaloitwa Houghton Farm, jimbo la New York, akachora watoto wa kijijini na wasichana wanaochunga kondoo, picha nyingi ndogo ndogo za nje kabisa kwenye jua. Homer alikuwa na mbinu nyingi za kurudisha nyeupe. Aliacha karatasi, alinyonya rangi kabla haijakauka, alikwangua kwa kitu chenye ncha mpaka weupe wa karatasi ukarudi. Wewe wembe unao. Picha ikishakauka kabisa, siku ya pili yake, chukua kona ya wembe mpya ukwangue vipande vifupi, vyote vikifuata upepo mmoja, vikubwa karibu na ungo na vinavyozidi kuwa vidogo na vyepesi vinavyoenda mbali. Au kabla ya kupaka rangi chora makapi kwa kipande cha mshumaa mweupe, rangi itayakwepa. Jaribu kwanza kwenye karatasi ya kutupa, wembe ukizidisha nguvu unatoboa.

Hiyo brashi kavu niliyoitaja kwenye mahindi, Wyeth aliitumia sana. Unachovya brashi kwenye rangi nzito, unaiminya kwa vidole au tishu mpaka maji karibu yote yatoke na nywele zitawanyike, afu unapitisha juu juu. Inashika migongo ya karatasi tu na kuacha vibonde. Kwa kutu ya bati hakuna kitu kama hicho. Bati lako umelichora mistari sawa sawa kwa rula, bati jipya la dukani hilo, wakati kwenye ile picha ya simu uliyoituma pamoja naona kabisa ni la zamani, limepinda pale karibu na bomba la moshi na kutu imeshuka kutoka kwenye kila msumari. Anza na woshi ya kijivu cha bluu, acha michirizi ya karatasi pale jua linapogonga, ikikauka pitisha siena kwa brashi kavu kutoka kwenye misumari kushuka chini kama mvua inavyoshuka, manake kutu imefuata maji. Dakika kumi kazi imeisha, na mtu atajua hiyo nyumba imekaa masika mangapi.

Sasa vifaa, kwa kifupi. Hela uliyotaka kununulia rangi nunua karatasi. Yako ni nyembamba, ndio maana imejikunja mawimbi na maji yakajikusanya mabondeni. Tafuta ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba. Ukikosa, hiyo nyembamba iloweke kwenye beseni dakika chache, itandaze kwenye ubao, ibane kingo zote nne kwa ile tepu ya karatasi yenye gundi inayolowanishwa, iache ikauke usiku kucha, itakaza kama ngoma. Rangi za wanafunzi shida yake zinajazwa vitu vya kuongeza wingi, ndio maana safu ya pili inakuwa na ukungu ukungu kama maziwa. Ukipata hela nyingine usinunue boksi, nunua rangi nne moja moja: altramarini, siena iliyochomwa, oka ya njano, na nyekundu moja isiyopauka. Angalia kwenye lebo alama ya kustahimili jua, kuna nyekundu na pinki nzuri sana ambazo ukining'iniza picha ukutani muda si mrefu zimetoweka.

Na kitu kimoja ambacho napenda wanafunzi wakijue: kinachoshikilia chembe za rangi za maji kwenye karatasi ni utomvu wa miti jamii ya mgunga. Mwingi unatoka Sudan, ila unavunwa hata kaskazini mwa Kenya, Turkana, Marsabit, Isiolo, wafugaji wanaukusanya kwenye mashina. Kwa hiyo mtu akikwambia rangi za maji ni mambo ya wazungu, mwambie gundi yake inatoka kwa majirani zetu.

Umeuliza mwishoni kama kuchora kihalisia ni kupitwa na wakati, kwamba wasanii wa kwetu wanaosifiwa hawachori hivyo. Sam Ntiro, mtu wa Machame aliyezaliwa 1923, akasoma na kufundisha Makerere, alichora maisha ya Wachaga karibu maisha yake yote, migomba, pombe ya ndizi, watu wakifanya kazi pamoja, na wala hakuchora kihalisia, watu wake ni wadogo na mlima wake ni wa kwenye kumbukumbu, na picha yake ya 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku iko kwenye jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa New York, lile lile lenye Christina's World. Lakini ukiwaangalia wabebaji wake unajua mara moja kwamba Ntiro alijua pombe inabebwaje. Kwa hiyo wewe chora unavyoona, yeye alichora alivyokumbuka, wote mnatakiwa kuijua kazi.

Mpango wako wa wiki mbili zijazo basi. Siku tatu za kwanza penseli tu, daftari dogo, umekaa kwenye kigoda pale uani bibi akifanya kazi zake, michoro ishirini ya haraka, kila mmoja dakika mbili, mgongo na mikono, uso acha. Mwombe ruhusa kwanza, umweleze unachofanya, na mwonyeshe, kwa sababu hakuna mhakiki atakayekusahihisha kama yeye. Atakwambia "mimi ungo siushiki hivyo", na hapo umepata somo ambalo mimi siwezi kukupa. Baada ya hapo fanya kimchoro kidogo cha ukubwa wa kiganja chenye toni tatu tu, nyeupe, kijivu na giza, ukipange mpaka hata mtu akikiangalia kutoka mlangoni ajue ni mtu anapeta. Kama kwenye hicho kidogo haisomeki, kwenye kikubwa haitasomeka hata uweke majani elfu. Ndipo uchore ile kubwa, asubuhi moja, bila wiki nzima. Itaharibika. Chora nyingine kesho yake saa ile ile.

Ile ya kwanza usiitupe. Iandike tarehe nyuma kwa penseli na uihifadhi pakavu, isigusane na kioo ukiiweka kwenye fremu, weka kadi katikati ili pawe na nafasi, kwa unyevu wa huko karatasi ikigusa kioo inaota ukungu. Bibi akitaka hiyo hiyo ya kwanza umtundikie sebuleni, mpe, ila ukuta usiopigwa na jua. Na hiyo mpya ukiimaliza nitumie, nitaanza kuangalia upepo.